Kupanda Genge na Kushuka: Habari za Vilele vya Mlima Kenya

Wasikilizaji wetu, bila shaka kila mmoja wenu amepata kumwona mtoto aliyeparamia mwembe. Kupanda alipanda upesi, macho yake yakiwa juu kwenye embe bivu. Lakini alipokwisha kulichuma akatazama chini, ndipo miguu ilipoanza kutetemeka na kilio kikasikika, hata mtu mzima akaitwa aje na ngazi. Mti ni ule ule, matawi ni yale yale, na mtoto ni yule yule. Basi kilichobadilika ni nini?

Hilo ndilo swali letu leo, ila mti wetu ni mkubwa zaidi. Twataka kueleza jinsi watu wanavyoyafikia magenge ya juu kabisa ya Mlima Kenya, na hasa jinsi wanavyorudi. Wazee husema mpanda ngazi hushuka, nao hulisema neno hilo kwa kumwonya mwenye kiburi. Mkwezi wa majabali hulichukua kama lilivyo, maana kwake kushuka ni nusu ya safari, na ndiyo nusu yenye makaburi mengi.

Kwanza yafaa tuujue mlima wenyewe. Mlima Kenya ulikuwa mlima wa moto zamani sana. Moto ulipozimika, mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo la mlima yakawa magumu kuliko yote yaliyoyazunguka. Kisha mvua na barafu zikaula mlima kwa nje miaka isiyohesabika, hata lile koo likabaki limesimama peke yake kama jino. Jino hilo ndilo lenye vilele viwili vikubwa: Batian, mita 5,199 juu ya bahari, yaani futi 17,057, na Nelion, mita 5,188. Kando yake kiko kilele cha tatu, Lenana, mita 4,985. Majina hayo ni ya Wamasai. Mbatian alikuwa laiboni mkuu, na Lenana alikuwa mwanawe. Mwenye afya na subira aweza kufika Lenana kwa miguu yake bila kamba. Batian na Nelion hazifikiwi hivyo. Huko pande zote ni genge tupu, na asiyejua kazi ya kamba hana la kufanya ila kusimama chini na kutazama.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mkwezi yaanza pale mkono unapogusa mwamba. La, sivyo. Yaanza siku kadhaa kabla. Anayepitia Naro Moru huingia msituni, akafika kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, na kulala hapo. Siku ya pili huvuka mteremko wa tope na manyasi ya maji ambao wapagazi wanaujua sana, maana buti lizamapo humo hutoka na kilio. Kisha huingia bonde la Teleki, penye mimea ile ya ajabu ya mlimani ambayo hukua mirefu kuliko mtu na kujifunika majani yake usiku kwa ajili ya baridi. Hulala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Baada ya hapo kuna mteremko mkali wa changarawe, hatua moja mbele na nusu nyuma, mpaka kibanda kiitwacho Austrian Hut, mita 4,790.

Kwa nini asiende upesi zaidi? Kwa sababu ya hewa. Juu ya Batian hewa imepungua hata ikabaki zaidi kidogo tu ya nusu ya ile tunayovuta Mombasa au Dar es Salaam. Mwili waweza kuzoea, lakini hauzoei kwa kuamrishwa, wataka siku. Anayekimbilia juu kwa siku mbili hupata maumivu ya kichwa, hutapika, halali, na katika hali mbaya mapafu yake hujaa maji. Dawa ya kweli ya ugonjwa huo ni moja, nayo ni kushuka mara moja. Tena kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi: mtu aliyepungukiwa hewa hupungukiwa na akili pia, naye mwenyewe hajui. Hukosea kuhesabu. Husahau fundo. Huwakasirikia wenzake bila sababu. Mtu wa namna hiyo aweza kupanda genge kwa bahati, lakini kushuka hakutaki bahati, kwataka akili.

Kutoka Austrian Hut mkwezi huamka saa tisa au saa kumi za usiku. Mbele yake uko mto wa barafu uitwao Lewis. Mto huo hautiririki kama mto wa maji. Ni theluji ya zamani iliyoshindiliwa ikawa barafu, nao husogea polepole mno. Wazee waliopanda miaka ya 1930 waliukuta mnene na mpana, wakautembea kama uwanja hata kuufikia mwamba. Leo umebaki kidogo tu wa ule uliokuwako, kwa sababu dunia imezidi joto, na jambo hili limegeuza njia ya kukaribia genge. Mahali palipokuwa na barafu sasa pana mawe yaliyolegea, mengine makubwa kama ng'ombe, yaliyokaa juu ya mengine kama yaliyowekwa jana. Pana mwamba uliosuguliwa na barafu hata ukawa mtelezo kama sahani. Na kwa kuwa barafu imeshuka, ule mwanzo wa genge uliojulikana zamani sasa uko juu ya kichwa cha mtu, naye hana budi kupanda kipande kipya kabla hajaufikia. Basi maelezo ya njia yaliyoandikwa miaka hamsini iliyopita yafaa kusomwa kwa heshima, lakini si kwa kuyaamini yote.

Kuamka usiku huko si kwa kupenda taabu. Maji hupenya katika nyufa za mwamba mchana; usiku huganda, na maji yakiganda huwa na ukubwa zaidi, kama mnavyoona chupa iliyojaa maji ikipasuka katika sanduku la barafu. Ufa hupanuka. Jua likichomoza, barafu iliyokuwa ikilishika jiwe kama gundi huyeyuka, na jiwe huanguka. Kwa hiyo makorongo yaliyo chini ya genge hupitwa kabla ya jua, tena kwa haraka, watu wakiwa wametengana, kofia ngumu vichwani. Mwenye kukaa chini ya korongo saa nne za asubuhi akinywa chai ameketi mahali ambapo mlima hutupa takataka zake.

Tena kuna jambo la majira ambalo tunalipenda sana kwa kuwafundishia wanafunzi jiografia. Mlima Kenya umekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, upande wake wa kusini kidogo. Kuanzia Desemba mpaka Februari jua huwa upande wa kusini; kwa hiyo genge la kusini-mashariki la Nelion hupata jua, mwamba wake hukauka na kuwa na joto, huku uso wa kaskazini umevaa barafu. Kuanzia Julai mpaka Septemba jua huwa kaskazini, na mambo hugeuka: uso wa kaskazini wa Batian hukauka na wa kusini huganda. Hivyo mlima mmoja una majira mawili kwa wakati mmoja, kila upande na lake. Anayekwenda upande usio na jua atakuta nyufa zote alizotaka kutia vidole zimejaa barafu.

Sasa tuseme mkwezi amefika penye mwamba. Kabla hajapanda, mwenye busara hufanya jambo moja ambalo asiyezoea huliona kama kupoteza wakati: hugeuka na kutazama alikotoka. Hutazama umbo la jiwe, hutazama mahali pa kuvukia barafu, huweka pengine vijiwe vitatu juu ya vingine. Na akiisha kuanza kupanda, kila afikapo mahali pa kusimama, hugeuka tena. Njia ina sura mbili. Sura ya kupandia huonyesha nyufa, mikono, vidato. Sura ya kushukia huonyesha kingo za magenge tu, zote zafanana, na chini yake hakuna kinachoonekana ila utupu.

Sisi wenyewe tulijifunza neno hili kwa aibu. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wa chuo mpaka Lenana, njia isiyotaka kamba. Tulipanda vizuri, tukaimba kileleni, tukaanza kurudi ukungu ukiwa umeanguka. Hakuna aliyekuwa amegeuka hata mara moja wakati wa kupanda, wala sisi walimu. Tukashika korongo lililofanana na letu. Baada ya muda mmoja wa wanafunzi, kijana wa kimya asiyejulikana sana darasani, akasema, "Mwalimu, hapa hatukupita. Kule tulikopita palikuwa na maji upande wa kushoto." Tulitaka kumnyamazisha. Kisha tukatupa jiwe mbele yetu katika ukungu, tukangoja kulisikia likigonga, tukangoja sana. Tukarudi juu saa mbili nzima, na tulifika kibandani gizani, wapagazi wakiwa wamewasha taa wakatuita kwa sauti. Tangu siku hiyo tunamwamini mtu aliyetazama nyuma kuliko mtu mwenye ramani.

Njia ya kawaida ya Nelion ilifunguliwa mwezi wa Januari mwaka 1929 na Eric Shipton na Percy Wyn Harris, vijana Waingereza waliokuwa wakifanya kazi Kenya. Kutoka barafu mpaka kilele ni kama mita 400 za mwamba. Hazipandwi kwa mara moja, bali kwa vipande, kila kipande urefu wa kamba. Mmoja hupanda, mwenziwe amejifunga mwambani na kuishika kamba yake; wa kwanza akifika mahali pa kusimama hujifunga, kisha humshikia mwenziwe apande. Vipande hivyo hupata kumi na vinane au ishirini. Fanyeni hesabu wenyewe: kila kipande kikichukua dakika ishirini tu, tayari ni saa sita au zaidi, na dakika ishirini ni za watu wepesi.

Na mchana wa Ikweta haurefuki. Una saa kumi na mbili, basi. Tena asubuhi mlima huwa mweupe na wazi, lakini karibu na adhuhuri mawingu hupanda kutoka mabondeni yakafunika vilele, na mara nyingi theluji huanguka alasiri. Kwa hiyo mkwezi hahesabu saa kutoka kuamka kwake. Huhesabu kwa kurudi nyuma kutoka machweo. Hujiuliza: giza laingia saa moja; kushuka kwataka saa sita; basi saa saba za mchana, hata kama kilele ki umbali wa kamba mbili, tunageuka. Hesabu hiyo hufanywa kibandani jioni ya jana, wakati damu imetulia. Haifanywi juu.

Kutoka Nelion mpaka Batian huonekana karibu hata mtu hudhani aweza kumrushia mwenziwe kofia. Kati yao kuna pengo liitwalo Lango la Ukungu. Lakini kushuka pengo hilo, kulivuka, kupanda Batian na kurudi njia ile ile huweza kula saa nyingi, maana barafu yake ni ngumu na mwamba wake hauaminiki. Wengi walio hodari huishia Nelion wakashukuru. Juu yake kuna kibanda kidogo cha bati ambacho Ian Howell alikijenga mwaka 1970; alikipanda kilele hicho mara kumi na tatu kwa ajili ya kazi hiyo, akibeba vipande vyake. Waliochelewa wamelala humo, wakaokoka.

Yule wa kwanza kabisa kusimama juu ya Batian, Halford Mackinder, hakuwa na kibanda. Msafara wake wa mwaka 1899 ulikuwa wa Wazungu sita, Waswahili sitini na sita, na Wakikuyu wapatao mia pamoja na viongozi wawili wa Kimasai. Na bila mabega ya watu hao asingalifika hata mwanzo wa barafu. Tarehe 13 Septemba, baada ya kulala usiku juu ya mwamba, yeye na viongozi wake wawili kutoka milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, walikata vidato katika barafu ngumu mno chini ya Lango la Ukungu, wakafika kileleni saa sita mchana. Walikaa muda mfupi tu, kwa kuwa walijua kilichobaki. Na kambini walifika usiku. Ikapita miaka thelathini kabla ya mwingine kufika hapo. Mwafrika wa kwanza kuandikwa kwamba amefika Batian ni Kisoi Munyao, mwaka 1959. Naye ndiye aliyepeleka bendera ya Kenya mlimani usiku wa uhuru, Desemba 1963.

Sasa tuje kwenye kushuka kwenyewe. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kushuka kwa mikono na miguu, kama ulivyopanda. Ni salama mahali pepesi, lakini mahali pagumu ina kasoro kubwa, nayo ndiyo jibu la swali letu la mtoto na mwembe. Anayepanda, macho yake na mikono yake viko upande mmoja: huona tawi, hulishika, hulijaribu, ndipo hulipa uzito wake. Anayeshuka hutanguliza miguu, na miguu haina macho. Mwili wake mwenyewe humziba asione pa kukanyaga. Tena hutoa uzito wake kabla ya kujaribu. Na zaidi ya hayo, kile kilichomvuta hakiko mbele yake tena: embe limekwisha kuliwa.

Njia ya pili ni kuteremka kwa kamba. Ustadi huu hukumbukwa kwa jina la Jean Charlet, kiongozi wa Chamonix katika Ufaransa, ambaye miaka ya 1876 hadi 1879 alikuwa akiushindania mlima uitwao Petit Dru. Shida yake ilikuwa hii: ukifunga kamba juu na kuteremka nayo, kamba hubaki juu, nawe huna kamba ya kuteremkia genge linalofuata. Shauri lake lilikuwa kuipitisha kamba katikati yake nyuma ya jiwe au ndani ya kitanzi, ncha zote mbili zikining'inia chini. Mtu huteremka akizishika kamba zote mbili pamoja. Afikapo chini huvuta ncha moja, nyingine hupanda, hupita kitanzini, na kamba yote huanguka miguuni pake. Ni jambo dogo kama kutoa uzi katika tundu la sindano, na bila hilo magenge mengi yasingalipandika kamwe.

Lakini mtu awezaje kushuka kamba asianguke nayo? Si kwa nguvu za mikono. Mtazameni mchungaji aliyemfunga fahali mkali: hashindani naye kwa kuvuta, huizungusha kamba mara mbili kwenye shina la mti, na mtoto wa miaka kumi aweza kuushika mwisho wake. Nguvu ya fahali huliwa na msuguano wa kamba na gome. Ndivyo ilivyo hapa. Zamani mkwezi aliizungusha kamba mwilini mwake, ikapita kati ya mapaja, ikapanda kifuani, ikavuka bega na kushuka mgongoni, na nguo zake ziliungua kwa msuguano. Siku hizi huvaa mshipi imara wa kiunoni na mapajani, na kamba hupita katika chombo kidogo cha chuma kinachoikunja. Mkono mmoja hukaa chini ya chombo hicho nao hauachi kamba hata nzi akitua machoni.

Kamba zenyewe zimebadilika. Mpaka vita vya miaka 1939 hadi 1945 zilikuwa za nyuzi za mimea, nzito zikilowa na ngumu kama fimbo zikiganda. Baada yake zikaja za nailoni, nyepesi, zenye kunyumbuka kidogo mtu aangukapo. Hata hivyo nailoni ina adui wake, nalo ni jua. Juu ya magenge mtu hukuta vitanzi vilivyoachwa na waliotangulia, vingine vyeupe kwa kuchujuka. Kwa macho ni vizima. Mtu aliyechoka hutaka sana kuviamini, maana kuvifunga vipya kwataka dakika kumi na kwataka kuacha kamba yake mlimani. Mahali pengi katika njia ya kushukia Nelion pamepigwa vyuma madhubuti vya kufungia. Lakini chuma nacho hutazamwa, hugongwa, hutikiswa, kwa kuwa uzima wote wa mtu utaning'inia hapo.

Ajali za kuteremka kwa kamba zafanana mno, nchi kwa nchi. Ncha moja ilikuwa fupi kuliko nyingine, mtu akashuka hadi ikamtoka mkononi. Na fundo moja kwenye kila ncha lingalimzuia. Au kamba mbili ziliungwa, mtu akasahau ni ipi ya kuvuta, akavuta ile yenye fundo upande usiopita, ikakwama. Kamba iliyokwama huko juu ni mtihani mkubwa, maana waliokwama nayo hawana ya pili. Au kamba iliposhuka ilivuta jiwe likamwangukia aliyekuwa akiivuta. Au mtu aliteremka upande usio wa njia, akajikuta mwisho wa kamba hewani, asipoweza kusimama wala kurudi. Kati ya ajali hizo zote hakuna hata moja inayotaka ushujaa ili kuepukwa. Zataka mtu wa pili aguse kila fundo kabla wa kwanza hajaegemea, hata wakiwa wamefanya hivyo mara kumi na tano siku ile.

Katika kupanda, hodari hutangulia. Katika kushuka kwa miguu, desturi hugeuka, hodari hubaki wa mwisho, kwa kuwa aliye juu ndiye aweza kuwashika walio chini. Julai 14, 1865, watu saba waliufikia mara ya kwanza mlima Matterhorn katika Alpi. Walikuwa wamefungwa pamoja katika kushuka. Michel Croz, kiongozi hodari, alitangulia chini amsaidie kijana Hadow, asiyezoea, kuiweka miguu yake mahali pake. Hadow aliteleza akamgonga Croz, wakawavuta wawili waliowafuata. Kamba ikakatika mbele ya watatu wa juu. Wanne wakafa, watatu wakaishi. Kamba iliyokatika ilikuwa ile dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo, na kipande chake kimehifadhiwa Zermatt mpaka leo.

Lakini hatuna haja ya kwenda Alpi kutafuta mfano. Septemba mwaka 1970 waganga wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian kwa uso wa kaskazini. Hawakuwa wageni wa milima, walikuwa stadi. Walikuwa wameanza tu kurudi. Judmaier alishika jiwe kubwa, nalo likang'oka, akaanguka pamoja nalo. Oelz aliizuia kamba kwa mikono yake hata ikaungua, akamzuia. Judmaier alikuwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika, mfupa umetoka nje.

Tafadhali fikirini mahali walipokuwa. Mtu aliyevunjika mguu katika kijiji hubebwa kwa kitanda. Pale, juu ya mita elfu tano, wawili hawawezi kubebana hata hatua kumi. Na kila mita ya kurudi ilikuwa ya kamba. Oelz alimwachia mwenziwe vitu vya kumfunika, akashuka peke yake kutafuta watu. Mwenzi aliyebaki, akiwa mganga, alijua vema yaliyokuwa yakimngoja. Wakwezi wa Kenya walikuja, wengi wao watu wa kazi nyingine kabisa walioziacha siku ile ile, wakapanda na dawa. Kumfikia ilikuwa rahisi kuliko kumsogeza. Theluji ilianguka, usiku baada ya usiku. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alijaribu kupeleka msaada; chombo chake kikaanguka, akafa. Tukumbuke kwamba helikopta huelea kwa kuisukuma hewa, na huko hewa ni haba. Mwisho wakaja waokoaji kutoka Innsbruck, kwa ndege mpaka Nairobi, watu waliofanya kazi ya kuteremsha majeruhi kwenye magenge ya kwao maisha yao yote. Wao walimteremsha kwa kamba, uso wote wa kaskazini. Ilikuwa imepita zaidi ya juma zima. Judmaier alipona, na mguu wake ukabaki.

Jiwe lile moja lililong'oka lilikuwa karibu na kilele, saa chache tu baada ya furaha. Na hapo pana jambo la kutazama: mtu anayepanda hulijaribu jiwe kwa kulivuta kidogo, kwa kuwa hajui kama litamshika. Anayeshuka hulikuta jiwe alilolizoea asubuhi, au lililo jirani ya hilo, naye hudhani ni rafiki.

Kuna walioujua mlima huu wakageuka kwa wakati, na habari yao ni nzuri vile vile. Januari mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliani, walitoroka kambi yao Nanyuki. Hawakutoroka ili kwenda kwao; walitoroka ili kupanda mlima waliouona kila siku kupitia waya. Felice Benuzzi na wenzake walijitengenezea vyombo kwa vyuma vya kuokota, na picha yao ya mlima ilikuwa ile ya karatasi iliyobandikwa kwenye kopo la nyama. Kuukaribia tu kuliwachukua siku nyingi, wakifuata mto katika msitu wenye ndovu na vifaru. Mmoja akaugua, akabaki kambini. Wawili walijaribu Batian. Theluji ikawakuta juu ya genge wasilolijua, na chakula kilikuwa karibu kwisha. Wakageuka. Baadaye wakafika Lenana, wakaiacha bendera yao huko, wakashuka na njaa kali, wakarudi wenyewe kambini kwa walinzi wao. Adhabu yao iliyokuwa siku 28 za kifungo cha peke yake ilipunguzwa ikawa saba.

Sasa twarudi kwa mkwezi wetu wa Nelion. Ameteremka kamba ya mwisho, amesimama tena juu ya mawe na barafu. Hapo hufungua mshipi, hucheka, hula mkate. Naye hajafika. Barafu iliyokuwa ngumu alfajiri sasa imelainika, mawe aliyoyavuka gizani sasa yamelegezwa na jua, na magoti yake yametumika saa kumi na mbili. Wengi huumia hapa, mahali ambapo asubuhi hawakupahesabu kuwa pa hatari. Kwa hiyo baadhi ya viongozi wa Naro Moru na Chogoria hawawaruhusu wageni wao kufungua kamba mpaka barafu imekwisha kuvukwa, hata wakinung'unika.

Na neno moja kwa vijana wa vijiji vya chini ya mlima, maana wengi wenu mtafanya kazi ya upagazi au uongozi huko, nanyi ndio mtakaobaki kibandani wengine wakiwa juu. Ulizeni kabla hawajaondoka: wanapanda upande gani, watashukia upande gani, na saa ngapi wanageuka. Andikeni. Jioni ikifika, tazameni taa zao mwambani, mzihesabu, maana taa zilizosimama mahali pamoja si sawa na taa zinazoshuka. Ikiwa saa waliyosema imepita na hakuna taa inayosogea, msingoje asubuhi kwa kuona haya. Pelekeni habari kwa askari wa hifadhi usiku ule ule, mkitaja upande walioshikia na saa mliyowaona mara ya mwisho.